Baridi Yetu na Joto la Pwani

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima wa Lugulu



Kila mwaka, miezi ya Juni, Julai na Agosti ifikapo, mawingu ya Mlima Elgon huteremka, jua hujificha, na wazee wetu huanza kulalamikia magoti. Ndipo hufika salamu za mtoto afanyaye kazi Mombasa: "Baba, njoo ukae kwangu mpaka baridi ipite." Mwaliko huo ni wa heshima, na kuukataa ni vigumu. Leo napenda tuupime pamoja.

Kwanza tujue asili ya baridi yetu. Lugulu iko karibu na Ikweta kuliko Mombasa, lakini nchi yetu imeinuka. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii kama 6. Mombasa iko ufukoni mwa bahari. Kitale iko juu yapata mita 1,900. Hiyo ndiyo sababu mwenzetu wa pwani hulala bila blanketi nasi tukiota moto.

Pengine mtasema, "Mbona Wazungu hufanya hivyo?" Ni kweli. Kuanzia Desemba hadi Machi wengi wao, Waitaliano hasa, huja Malindi na Watamu kukimbia baridi ya kwao. Hata mbayuwayu hutoka Ulaya wakaja kwetu, kisha hurudi kwao kuzaa. Lakini angalieni tofauti. Wakati wa theluji mashamba ya Ulaya yamelala, na wadudu anaowala mbayuwayu hawaonekani. Baridi yetu sisi huja mazao yakiwa shambani. Wingu lile litutetemeshalo ndilo liyanyweshalo mahindi.

Tena mbegu zetu zimechaguliwa kwa ajili ya hali hii ya ubaridi. Mbegu ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, mzazi wake mmoja alitoka Ecuador, nchi ya milima iliyo kwenye Ikweta kama yetu. Mahindi ya namna hii hukua polepole kwa miezi mingi, na kwa hiyo hubeba sana. Yapelekeni pwani, nayo hayatafanikiwa.

Mimi mwenyewe nilishawishika mwaka 2017. Mwishoni mwa Mei nilikwenda kwa mwanangu, Likoni. Nilikuwa nimeona matundu machache katika majani ya mahindi yangu, nikayadharau, nikamwachia kibarua shamba. Hakika magoti yalipona! Kila asubuhi niliketi juani kama bwana mkubwa. Lakini mwaka huo ndio viwavijeshi vipya, ambavyo asili yake ni bara la Amerika, viliingia nchini mwetu. Niliporudi mwezi wa Agosti, moyo wa mhindi mmoja baada ya mwingine ulikuwa umeliwa. Maharagwe nayo, yaliyopasa kung'olewa mapema, yalikuwa yameota ndani ya maganda kwa mvua. Mwaka ule nilinunua unga dukani, mimi niliyezoea kuuza magunia.

Sisemi mzee asiende kumtazama mwanawe. Mgonjwa na aende, na shamba aliache mikononi mwa mtu wa nyumbani ajuaye siku ya kupalilia, siku ya kutia mbolea ya kukuzia na dalili za viwavi. Lakini asikodishe shamba wala kuuza mahindi mabichi ili apate nauli. Aliye mzima na akae, aweke kuni kavu kabla ya mvua, azibe nyufa za ukuta, na jikoni aache tundu la kutolea moshi, kwa maana moshi huumiza kifua kuliko baridi. Mavuno yakisha kuingia ghalani, na aende pwani kwa furaha, akiwa na gunia la zawadi.

Wenyeji wa pwani husema, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Wasema kweli, kwani bahari ndiyo shamba lao. Shamba letu sisi liko hapa, chini ya wingu hili.