Honi ya Saa Nane Usiku

Kuna ujumbe umeingia hapa studioni wiki hii nao umenikosesha raha, kwa hiyo mambo niliyokuwa nimeyapanga yatangoja.

Aliyeutuma ni mzaliwa wa Kola, hapa kwetu Machakos, ambaye siku hizi amepanga nyumba Athi River, karibu na reli ya zamani. Ana mtoto wa miezi mitatu. Anasema mtoto akishalala tu, garimoshi la mizigo linapita, na dereva wake anapiga honi ndefu, anarudia tena ndefu, mpaka mabati yanatetemeka na mtoto anaamka akilia. Anauliza: ni nani aliyeanzisha desturi hii? Na kwa nini isipigwe marufuku usiku, maana saa nane usiku barabarani hakuna mtu?

Ndugu yangu, pole na usingizi. Pole sana, na mama mtoto mwambie pole. Ila umenigusa mahali ninapopapenda, kwa sababu swali lako limewahi kuulizwa na watu wengine, wakapewa walichokitaka, na tunajua kilichotokea. Nitafika huko. Kwanza nataka nikusimulie habari ya mkokoteni wa mayai.

Uingereza, Mei 1833. Kuna reli changa inayoitwa Leicester na Swannington, haijatimiza hata mwaka tangu ifunguliwe. Injini yake moja imepewa jina Samson. Ndiyo, Samsoni yule yule wa Waamuzi, na wewe unayesoma Biblia unakumbuka alivyoishia: nguvu anazo zote, macho hana. Sasa Samsoni huyu wa chuma anakuja kasi kuelekea mahali barabara inapokata reli, karibu na kijiji cha Thornton. Barabarani kuna mkulima na mkokoteni wake wa farasi, anapeleka siagi na mayai sokoni. Inasimuliwa kwamba dereva alikuwa na tarumbeta ndogo ya kupuliza kwa mdomo. Akapuliza. Mkulima hakusikia kitu. Pwaa! Siagi na mayai vikatapakaa njia nzima.

Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo maana hadithi hii imesimuliwa kwa furaha miaka yote hii. Lakini sikiliza kilichofuata. Meneja wa reli, Ashlen Bagster, akamwendea mhandisi George Stephenson na swali moja: kama pumzi ya mtu haitoshi, je, hatuwezi kuipuliza tarumbeta kwa mvuke wa injini yenyewe? Wakamtafuta fundi wa ala za muziki. Ala za muziki, msikilizaji! Akawatengenezea tarumbeta ya mvuke, ikafungwa juu ya injini, na dunia ikapata sauti ya treni.

Naipenda hadithi hii kupita kiasi, na kwa sababu naipenda lazima niwaambie kwamba ina ugomvi. Aliyeieneza ni mwandishi mmoja wa mambo ya reli, Clement Stretton, miaka mingi baada ya tukio, na wanahistoria waliokuja nyuma yake wameitilia shaka. Kisha watu wa Wales nao wana mtu wao, Adrian Stephens wa kiwanda cha chuma cha Dowlais, ambaye miaka hiyo hiyo anatajwa kutengeneza filimbi ya mvuke ya kuonya maji yakipungua ndani ya boila. Kwa hiyo nani wa kwanza? Mimi nampa Stephens filimbi yake. Lakini mkokoteni siuachi, kwa sababu umebeba jambo ambalo ni kweli hata kama mayai yalikuwa machache kuliko yanavyosimuliwa: watu wa reli walitambua mapema kwamba injini haiwezi kumkwepa mtu, basi cha kufanya ni kumwita. Mkataba wa barabara na reli ulianza kwa sikio. Kwa sikio!

Subirini, kuna simu. Ndiyo, uko hewani. Unapiga kutoka wapi, mwaitu, mama yetu? Kola. Karibu sana, mwaitu.

Naam. Naam, mwaitu. Nimekusikia.

Wasikilizaji, kama laini haikuwa nzuri huko mliko, mama huyu amenikemea. Amesema: mwanangu, unatusimulia habari za Wazungu na mayai, na Syokimau umemwacha wapi? Tena akauliza: Kola hatuna reli, mtatufundisha vipi habari za reli?

Mwaitu, umenishika. Niiache Wales na watu wake kidogo, nirudi nyumbani.

Syokimau, nabii wetu wa vilima vya Iveti. Wazee wanasimulia kwamba kabla reli haijafikiriwa, aliona nyoka mrefu anayetoa moto na moshi, akitambaa kutoka maji mpaka maji. Na aliona watu wenye ngozi nyekundu kama nyama, wanaobeba moto mifukoni. Halafu mwaka 1896 reli ikaanza kutandazwa Mombasa. Mei 1899 ikafika Nairobi. Desemba 1901 ikafika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Kutoka maji mpaka maji. Leo jina la bibi huyu liko kwenye stesheni iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, na maelfu wanalitamka wakikata tiketi bila kujua kwamba wanamtaja mtu.

Na hilo la Kola kukosa reli ni donda la zamani la Machakos nzima. Mji wetu ulikuwa makao ya serikali ya wakoloni kabla Nairobi haijawa na jina la kutajwa. John Ainsworth alikaa hapa miaka ya 1890 akitawala mkoa wa Ukamba. Wahandisi walipoangalia vilima vyetu, wakaona afadhali nyoka apite tambarare: Sultan Hamud, Kiu, Ulu, Konza, kisha mbuga za Athi. Mwaka 1899 Ainsworth akafunga virago akaifuata reli Nairobi. Machakos ikabaki inasikia habari ya garimoshi kwa mbali.

Lakini mwaitu, hapo ndipo ninapoona hatari. Mtu aliyekulia kando ya reli, tangu utotoni sikio lake limezoea. Kijana wa Kola anakuwa dereva akiwa hajawahi kuishi na reli. Anaendesha vizuri kona zote za kwao Kalama, anaijua mvua na matope, halafu siku moja anapewa gari Nairobi au Naivasha, na mbele yake kuna vyuma viwili vimelala kwenye lami. Kwake vinafanana na matuta.

Ukikutana na nyoka njiani, mwaitu, unafanya nini? Unasimama. Huulizi kama wewe una haraka kuliko yeye.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Athi River na marufuku yake, maana nimemwahidi.

Marekani, jimbo la Florida, mwaka 1984. Sheria ya jimbo ikaruhusu miji kupiga marufuku honi za treni usiku kwenye vivuko vyenye mageti na taa. Watu walikuwa wamelalamika kama wewe: watoto, wagonjwa, usingizi. Miji mingi iliyo kando ya reli ya Florida East Coast ikakubali. Na msidhani vivuko hivyo vilikuwa wazi kama vyetu: vilikuwa na mageti yanayoshuka, taa zinazowaka na kengele zinazolia. Kilichoondolewa ni sauti ya treni peke yake, tena usiku tu.

Ajali za usiku zikapanda kwa asilimia 195. Nairudia: asilimia 195. Karibu mara tatu! Na ajali za mchana, wakati honi iliendelea kulia, hazikubadilika kiasi cha kutajwa. Mwaka 1991 mamlaka ya reli ya serikali kuu ikatoa amri ya dharura: honi irudi. Ikarudi, na ajali za usiku zikashuka kwa asilimia 68. Mageti yale yale, taa zile zile, madereva wale wale.

Kwa hiyo, ndugu yangu, unaposema saa nane usiku hakuna mtu barabarani, nakuomba ufikirie kwamba huyo mmoja aliyepo amechoka, ana usingizi, anarudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 2023, huko Manyoni, mkoa wa Singida, Tanzania, basi la abiria liligongana na treni. Watu 13 walifariki.

Mtu ananiandikia hapa: macho je? Si dereva aangalie tu? Swali zuri sana, na jibu lake lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Jicho linadanganya. Mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alilieleza mwaka 1985: kitu kikubwa huonekana kinakwenda polepole kuliko kasi yake halisi. Jaribu mwenyewe. Simama Mlolongo utazame ndege zinavyoshuka kwenda kutua Embakasi. Ile kubwa inaonekana kama inaelea, kama inasitasita, na ile ndogo kama inakimbia. Kumbe ile kubwa ndiyo yenye kasi. Treni nayo ni hivyo hivyo, na ina hila ya pili: ukiitazama ikija kukuelekea, haisogei kulia wala kushoto machoni pako. Inakua tu. Unasema bado iko mbali, napita. Wakati huo treni ya mizigo yenye kasi ya kilomita 80 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ndipo isimame, kwa sababu ni chuma juu ya chuma. Dereva wake hana usukani. Ana breki, ana honi, na ana maombi.

Tarehe 30 Oktoba 2013, asubuhi watu wakienda kazini, basi liligongwa na treni pale Mutindwa, mtaa wa Umoja, Nairobi. Zaidi ya watu 10 walikufa. Walikuwa wamebakisha safari fupi kabisa kufika mjini. Na Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025, kule Morendat, Naivasha, basi la wafanyakazi liligongwa na treni, watu wanane wakafa. Kati ya Mutindwa na Morendat ni karibu miaka 12, nasi bado tunalia kilio kile kile.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye matatu katika kaunti hii alisikie, nami nitalisema taratibu. Desemba 1938, katika jimbo la Utah, Marekani, theluji ikianguka, basi la shule lilisimama kwenye kivuko. Lilisimama! Dereva akaangalia, hakuona kitu katika theluji ile, akaingia relini. Treni ya mizigo ikalipiga, ikaua zaidi ya wanafunzi 20 pamoja na dereva. Baada ya hapo ikawa kanuni, nayo ikaenea nchi nzima: basi la shule likifika relini lisimame, na dereva afungue mlango. Mlango wa nini, wakati hakuna anayeshuka? Wa kusikiliza.

Nikifikiria matatu zetu, ndipo moyo unaniuma. Madirisha yamefungwa, spika ziko chini ya viti, muziki unapiga mpaka kifua kinatetemeka. Sheria za matatu za aliyekuwa Waziri Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo, nami naziheshimu mpaka leo. Lakini kidhibiti mwendo hakimsaidii mtu aliyefika relini. Anachohitaji pale ni kimya cha nusu dakika. Tuliipa injini sauti kubwa kuliko ya mtu yeyote, kisha tukajaza sauti nyingine ndani ya gari. Mkulima wa Thornton angalau alikuwa amekaa nje, mkokoteni wake hauna dirisha.

Najua mtaniambia reli mpya, SGR, imemaliza shida. Kwa njia yake, ni kweli: ile iliyoanza kubeba abiria tarehe 1 Juni 2017 ilijengwa kwa namna kwamba magari yapite chini au juu yake, hakuna kukutana. Lakini reli ya 1899 bado iko, bado inabeba mizigo, na ndiyo hiyo inayomwamsha mtoto wa ndugu yetu.

Makanga wanaonisikiliza, naomba mnipigie. Nataka kujua kama kuna gari ambalo wewe makanga hushuka kwanza, unasimama relini, unaangalia pande zote mbili, unasikiliza, ndipo unalipungia mkono. Niliwahi kuliona hilo nikiwa mdogo, abiria wote wamenyamaza, na kwa miaka mingi sijaliona tena. Na wewe wa Athi River, leo usiku honi ikilia, hesabu: ni ndefu ngapi na fupi ngapi, utuandikie.

Mwaitu wa Kola amerudi kwenye simu, anasema kuna sehemu ya Syokimau nimeiruka. Haya, mwaitu, sasa zamu yako. Sisi tunasikiliza.