Spika ya Simu na Sauti ya Taarabu
Spika ya simu ya mkononi ina kiwambo chembamba, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba. Sauti nzito huhitaji hewa nyingi isukumwe, na kiwambo hicho hakiwezi. Ndiyo maana taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, ikipigwa kwa simu barazani Mji Mkongwe, ala za kanuni na fidla husikika vyema, lakini besi hupotea karibu yote. Hasara kubwa kwa muziki huo. Sauti ikifunguliwa hadi mwisho, hukwaruza. Mchanga wa pwani nao hupunguza sauti kwa kuziba matundu ya spika. Yasafishwe kwa mswaki laini mkavu, yasichokolewe kwa pini. Simu ikisimamishwa ndani ya bakuli, sauti huongezeka, ila besi hairudi.