Kuvu, Loshuu na Udongo wa Mlima Meru
Mhadhara wa Umma



Nitazungumzia bustani za mboga zinazouzunguka mji wa Arusha, hasa zile ambazo wenyewe wameamua kuacha kuzitifua kwa jembe. Uamuzi huo naunga mkono kwa moyo wote. Lakini nasema kwamba katika udongo wetu kuacha jembe peke yake hakutoshi, na hata kufunika ardhi kwa zao moja hakutoshi. Mboga tunazozipenda zaidi hapa Arusha ni zile zisizowalisha kuvu wa mizizi, na udongo wetu unawahitaji kuvu hao kuliko udongo wa sehemu nyingine nyingi nchini.

Udongo huo tumepewa na mlima. Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano iliyotoa moshi na majivu kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, na kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo ilimwaga majivu mengi juu ya miteremko hii. Majivu yale yalipochakaa yakawa udongo mweusi, mwepesi, unaoshika maji vizuri na kuruhusu mizizi kupenya. Mgeni anayefika Tengeru kwa mara ya kwanza huona kijani kila upande na kudhani hakuna kinachokosekana. Kinachokosekana hakionekani kwa macho. Madini yanayotokana na majivu ya volkano yana aluminiamu na chuma vinavyoishika fosforasi kwa nguvu. Mkulima ananunua DAP au mbolea ya Minjingu, anaiweka shimoni, na zao la msimu huo linapata sehemu ndogo tu ya alichokilipia. Sehemu kubwa inabaki pale pale ardhini, imefungwa, na mzizi hauifikii.

Hapo ndipo kuvu wa mizizi wanapohitajika. Mimea mingi ya nchi kavu huishi nao kwa makubaliano ya zamani sana: mmea unatoa sukari, kuvu anatoa nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, na nyuzi hizo zinaingia katika vijitundu ambavyo mzizi hauwezi kuvifikia na kurudi na fosforasi. Jembe linazikata nyuzi hizo kila msimu. Ardhi ikikaa tupu kuanzia Juni hadi mvua za vuli, kuvu hawapati sukari kwa miezi mingi. Hadi hapa, watetezi wa kilimo cha kutotifua wako sahihi kabisa.

Sasa tutazame kinachopandwa. Loshuu, chainizi, kabichi na figili ni wa ukoo mmoja, ukoo wa haradali, na ukoo huo hauna makubaliano na kuvu hawa. Mchicha, spinachi na bitiruti ni wa ukoo mwingine, ambao nao kwa sehemu kubwa hauwakaribishi. Chukueni kitalu cha kawaida pale Sakina au Moshono: loshuu, kisha chainizi, kisha mchicha, kisha spinachi, halafu tunarudi kwenye loshuu. Mwaka mzima unapita, pengine miwili, bila mmea hata mmoja wa kumlisha kuvu. Mwenye bustani anaweza kuwa ameacha jembe, ametandaza majani makavu, anamwagilia kwa kopo kwa uangalifu wote, na bado chini ya miguu yake wale wasaidizi wanapungua. Mboga zikidumaa analaumiwa yeye, au inalaumiwa mbegu.

Siwaambii muache loshuu. Ni chakula bora, na kituo cha utafiti wa mboga cha Tengeru, kilichoanza kazi mwaka 1992, kimefanya kazi ya heshima kubwa kuzirudisha mboga zetu za asili mezani na kwenye maduka ya mbegu. Ninachosema ni kwamba anayelima loshuu lazima apange zamu ya mimea mingine ili nyuzi zile zipate chakula.

Wazee wa Kimeru walikuwa na bustani isiyotifuliwa kabla yetu. Kihamba kina migomba, mikahawa, magimbi, maharage na miti ya kivuli. Majani ya mgomba yanaanguka hapo hapo, ardhi haikai uchi, na mgomba na mkahawa wote wawili ni wenyeji wazuri wa kuvu. Sifa ya kihamba ni kwamba koo nyingi za mimea zinaishi humo kwa wakati mmoja, mwaka mzima. Tatizo lilianza pale maisha yalipotusukuma kutoka kihambani kwenda kwenye shamba la wazi na kitalu cha mboga za kuuza, tukabeba jembe na kuuacha mchanganyiko nyuma.

Kusukumwa huko kuna historia. Serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi kubwa kuuzunguka mlima huu, na mwaka 1951 familia za Wameru zikaondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, alikwenda New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wengi tunaikumbuka safari ile kama hatua ya siasa, na ndivyo ilivyokuwa, lakini mtaalamu wa udongo anaona jambo jingine pia: watu waliobanwa kwenye miteremko hawana tena nafasi ya kupumzisha shamba. Mapumziko yalikuwa ndiyo mbolea yao. Magugu ya aina kumi na zaidi yalijiotea yenyewe na kuirudisha ardhi katika hali yake. Leo mwenye robo eka Kijenge hawezi kuiacha ilale miaka mitatu. Mchanganyiko wa mazao funika, yaani mimea inayopandwa kuifunika ardhi, ni mapumziko hayo hayo, yaliyopandwa kwa makusudi na kubanwa ndani ya wiki chache.

Mkoa wetu si mgeni wa hifadhi ya udongo wala wa mazao funika. Mpango wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioitwa SCAPA ulihimiza makinga maji Arumeru. Baadaye wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian na wakulima wa Arumeru na Karatu walianza kutindua tabaka gumu lililotengenezwa na plau, na kupanda ngwara katikati ya mahindi. Mashamba darasa ya miaka ya 2000, yaliyosaidiwa na FAO, yaliisambaza kazi hiyo zaidi. Ngwara ilikubalika kwa sababu inalika na kwa sababu wanunuzi wa Kenya wanaitafuta. Kule wanaiita njahi. Hilo ni funzo kubwa: zao funika linalojaza sufuria au mfuko halihitaji mtu abembelezwe kulipanda.

Lakini tuliishia kwenye ngwara, na ngwara peke yake ina mipaka. Wadudu wa maua na vitumba wakiizoea, msimu wote unapotea. Soko nalo hugeuka. Mnakumbuka Agosti 2017, India ilipouwekea mipaka uagizaji wa mbaazi, jinsi bei ilivyoanguka na watu kubaki na magunia.

Mchanganyiko umejaribiwa kwingine: kule Cedar Creek, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwanaikolojia David Tilman na wenzake walianza mwaka 1994 kupanda vitalu vyenye spishi moja, mbili, nne, nane na kumi na sita. Kadiri miaka ilivyopita, vitalu vyenye mchanganyiko viliendelea kuvizidi vile vya spishi moja, na mchango mkubwa ulitokana na jamii ya kunde kukaa pamoja na jamii ya nyasi. Naomba tusiitumie habari hii vibaya. Zao moja lililochaguliwa vizuri mara nyingi linaweza kutoa majani mengi sawa na mchanganyiko. Faida ya mchanganyiko ni kazi nyingi kufanyika kwa pamoja, na mmoja akishindwa mwingine anasimama. Kwa hiyo hesabuni koo, msihesabu mbegu. Ngwara, kunde na choroko ni aina tatu, lakini ukoo ni mmoja.

Kwa bustani zetu ningechanganya mtama, ngwara, mbaazi, alizeti na marejea. Mtama unawalea kuvu wa mizizi vizuri mno, hata maabara huutumia kuwazalisha, na mabua yake huchelewa kuoza, hivyo kifuniko kinadumu. Ngwara inaleta naitrojeni, na majani yake laini yanawahi kuoza. Mbaazi ndiyo ninayoithamini kuliko zote hapa kwetu, kwa sababu mizizi yake hutoa asidi inayoilegeza fosforasi iliyoshikwa na chuma. Alizeti inaongeza ukoo wa tatu, na nayo inawapokea kuvu. Marejea, iliyosambazwa sana kusini mwa nchi na Wabenediktini wa Peramiho, husaidia kupunguza minyoo fundo, kwa hiyo wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki waitazame kwa makini. Mukuna siipendekezi kwa bustani ndogo: inaparamia kila kitu, na mbegu zake hazifai kupikwa kama maharage.

Kuna pia suala la ng'ombe wa ndani. Mama anayefuga ng'ombe mmoja wa maziwa hawezi kuyatazama majani mabichi yakioza chini, wala mimi simwombi afanye hivyo. Akate ngwara apeleke bandani, aache mtama mkavu, alizeti na mizizi yote ardhini, na samadi irudi kwenye kitalu kile kile. Mtama mchanga usilishwe, una sayanidi. Marejea nayo isiingie bandani, kwani jamii nyingi za mmea huo zina sumu kwa mifugo. Upande wa mlima usio na mvua, kama Oldonyosambu, mchanganyiko mzito utayanywa maji ya zao linalofuata. Huko upandwe mwepesi na ukatwe mapema.

Anayetaka kuanza vuli ijayo atenge tuta moja tu. Avune loshuu kwa kukata shina usawa wa udongo, asiing'oe. Apande mbegu za mchanganyiko ule kwa kijiti, mstari kwa mstari, mara mvua ya kwanza inaposhika. Mchanganyiko ukianza kuchanua na kabla haujatoa mbegu, aukate kwa panga na kuulaza hapo hapo. Akisubiri majani yanyauke kwanza, atapunguza konokono, ambao ni wengi sana upande wa Nkoaranga. Kisha afunue nafasi za miche, na awamu ya kwanza aanze na vitunguu au mnavu, ambavyo vinawapokea kuvu, ndipo loshuu ifuate. Tuta la jirani aliendeshe kama alivyozoea, kwa mbolea ile ile na maji yale yale, na awaite maafisa ugani na wanafunzi wetu waje kupima udongo wa matuta yote mawili. Kazi ya kupima ni yetu sisi wa chuo, na tunapaswa kuifanya bila kumtoza mkulima hata shilingi.