Mtu Hazaliwi Peke Yake



Nimepewa kunena juu ya maisha ya pamoja. Hapa Kilimanjaro jambo hilo lina mwalimu wake wa zamani, Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi hadi 1938, ingawa vita vya kwanza vilimkatiza. Gutmann alifundisha kwamba mtu anapozaliwa amekwisha kufungwa kwa kamba tatu asizozichagua: ukoo, ujirani na rika. Nafsi isiyo ya mtu yeyote, kwake, ilikuwa dhana ya vitabuni tu.

Tazameni mfereji. Nyumba moja haiwezi kuuchimba. Wanaotumia maji yake hupeana zamu, na siku ya kuuzibua, asiyetokea huulizwa. Babu zetu hawakufundishwa hayo darasani; jembe liliwafundisha. Gutmann akaitia hekima hiyo kanisani: vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vya kusimamiana, kwa mfano wa rika. Mtu akapata ndugu asiye wa ukoo wake.

Lakini kamba ifungayo huweza pia kuzuia njia. Mwaka 1933, katika nchi ya Gutmann mwenyewe, maneno ya damu na ardhi yalishikwa na utawala wa Nazi, na Septemba mwaka huo sinodi ya kanisa la Prussia ikaamua kwamba mwenye asili ya Kiyahudi asishike uchungaji. Simtwiki Gutmann mzigo huo. Dietrich Bonhoeffer, mwanateolojia wa miaka 27, alipinga waziwazi. Baadaye, katika kitabu chake cha 1939 juu ya maisha ya pamoja, alifundisha kwamba ndugu ni yule tuliyepewa, wala si yule tuliyejitungia katika ndoto zetu.

Kwetu swali hilo liko makaburini. Mwenye kihamba huzikwa kihambani. Ukoo huja, mzigo hugawanywa. Je, yule kibarua aliyetoka mkoa mwingine, aliyepanga chumba na kuimba kwaya miaka ishirini? Akifariki, twachanga fedha za gari na kumpeleka kwa jamaa ambao pengine hawamkumbuki tena sura. Twasema, "Amerudishwa kwao." Kwao ni wapi? Watoto wake walibatizwa hapa. Meza ya Bwana aliishiriki hapa, bega kwa bega na ninyi.

Nimeomba sehemu ya uwanja wa kanisa itengwe kwa ajili ya hao, na kundi la kipaimara la kila mwaka lipewe kuitunza. Wako wasemao ardhi ni finyu. Ni kweli, vihamba vyenyewe vimegawanywa hata ndugu wawili hugombea mgomba mmoja. Eneo ninaloliomba si kubwa kuliko maegesho ya magari tuliyoyasawazisha kwa ajili ya Jubilei. Baraza la Wazee litakaa Jumamosi, na shauri hili ndilo la kwanza.