NYANYA ZINAZOKAA: Mazungumzo ya Katibu wa Chama na Wanaushirika



Leo nasema habari ya nyanya. Msimu uliopita mlanguzi alikuja jioni na gari lake, akataja bei, nasi tukaitika. Kwa nini? Nyanya zetu zilikuwa laini, zimeiva zote pamoja, kesho yake zingekuwa maji. Naye alilijua hilo kabla hajashuka garini.

Sasa iko mbegu iitwayo Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 kule Tengeru, Arusha, pamoja na mwenzake Tanya. Ganda lake ni gumu, haipondeki ovyo ndani ya tenga, na ikitunzwa nyumbani hukaa wiki mbili, hata tatu. Tena si chotara. Chagua tunda zuri la mche wenye afya, kamua mbegu na maji yake, acha zichachuke siku mbili tatu, osha, anika kivulini. Hapo dukani huendi tena kila mwaka.

Lakini ndugu zangu, mbegu peke yake haitunzi nyanya. Chuma zinapoanza tu kupiga rangi kitakoni, asubuhi, umande ukishakauka. Usizitupe ndooni kama mawe, maana iliyochubuka huozesha jirani zake. Zipange safu moja juu ya kichanja chenye nyasi kavu, kivulini, penye hewa. Chini ya bati ni tanuri, msiweke huko. Kila siku zipitie, uondoe inayolainika. Kazi hiyo wasipewe watoto, watakula zile nzuri!

Yule mdudu Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, ganda gumu halimzuii. Tunda lenye kitobo lisipande kichanjani, lifukiwe.

Na bustani ya nyumbani isipandwe yote siku moja. Sia kitalu kidogo, baada ya wiki tatu sia kingine, na kingine. Miche 20 kila awamu, nusu mita toka mche hadi mche, na kila mmoja na mti wake wa kuegemea. Usirudie palipokuwa na bilinganya, pilipili au viazi mviringo. Hivyo za zamu ya kwanza zikiisha kichanjani, za pili zinachumwa. Mama wa nyumba hakosi kiungo, na mlanguzi akija na bei yake ya jioni tunamwambia arudi Jumatatu.

Mwenye mbegu safi ya Tengeru aandikishe jina kwa mtunza ghala. Kijiko kimoja cha chai kinatosha nyumba nyingi.

Katibu wa Chama, Tawi