Mkurugenzi wa Duka la Leso
Katika Biashara Street, Mombasa, ambako maduka mengi ya leso na vitambaa hurithiwa ndani ya familia, mwenye mali aghalabu ndiye pia mkurugenzi, yaani msimamizi wa dira ya kampuni, na mtendaji mkuu anayeendesha shughuli za kila siku. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 huiruhusu kampuni binafsi kuwa na mkurugenzi mmoja tu, lakini haimpunguzii wajibu wa kutumia uangalifu, ujuzi na bidii, wala wa kuepuka mgongano wa masilahi, yaani hali ambapo faida yake hushindana na ya kampuni. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, hivyo fedha za mauzo ni zake, si za karo wala harusi. Wenye maduka watenganishe hesabu za kampuni na za familia.