Kondakta, Nishushe Isimila

Msikilizaji, kama umewahi kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, huhitaji kuhadithiwa. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinaingia dirishani, basi linapanda Kitonga likihema, Ilula wanakuuzia nyanya, na Iringa kondakta anatangaza dakika chache za kuchimba dawa. Baada ya hapo abiria wanalala mpaka Makambako. Nami nimelala hivyo mara nyingi mno. Jioni hii nataka nizungumzie yale tunayoyapita tukiwa tumefumba macho.

Kabla ya kufika Iringa mjini unapita Lugalo. Wakazi wa Dar es Salaam wanalitamka jina hilo kila siku, maana ndilo jina la kambi na hospitali ya jeshi. Lakini Lugalo yenyewe iko huku Uheheni. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikivizia hapo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Nyundo aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Miaka saba baadaye, Julai 1898, Mkwawa akiwa amezingirwa Mlambalasi alijipiga risasi, akaona heri kufa kuliko kukamatwa. Wajerumani wakamkata kichwa.

Kichwa hicho ndicho kinachonipeleka Kalenga. Ni mwendo wa kilometa kama 15 kutoka mjini, kwenye njia ileile wanayopita watalii wakienda Hifadhi ya Ruaha kutazama tembo. Wengi hawapunguzi hata mwendo. Makumbusho yenyewe ni jengo dogo ambalo ukiingia kwa haraka utalimaliza kwa dakika tano: mikuki, ngao, bunduki, na fuvu ndani ya kisanduku cha kioo.

Ila usiingie kwa haraka. Fuvu hilo limeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofuatia Vita Kuu ya Kwanza. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo ikageuka miaka 35. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, kwenye makumbusho yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka kwenye koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Yakalinganishwa kwa vipimo na vichwa vya watu wa ukoo wake, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule ambaye baadaye tulimjua kama Spika wa Bunge letu.

Wapo wanaohoji kama kweli fuvu lile ni lake. Swali hilo lisifichwe, na watoto wetu waambiwe. Lakini tuliulize mahali panapostahili. Waliokusanya vichwa 2,000 vya watu ndio walioshindwa kusema kipi ni cha nani. Bremen lilikuwa moja kati ya maelfu, limekaa rafuni. Kalenga liko peke yake, lina jina, lina wajukuu na vitukuu, na ardhi iliyo nje ya mlango ndiyo ilikokuwa ngome yake, ile waliyoibomoa Wajerumani mwaka 1894. Hilo makumbusho makubwa hayaliwezi, hata yajengwe kwa marumaru. Yenyewe hukusanya vitu kutoka mbali. Haya madogo yamebaki pale jambo lilipotokea.

Ukirudi mjini, ingia Boma la Iringa, jengo la Kijerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Halafu shika barabara ya Mbeya, kilometa kama 20 tu, uone Isimila. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, aliokota pale mawe yaliyochongwa. Fikiria ni wangapi walikuwa wamepita bila kuinama. Mwaka 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaja kuchimba. Zile ni zana za mawe, shoka za mkono zenye umri unaokadiriwa kufika miaka 260,000, na pamoja nazo mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani. Wameweka nyumba ndogo ya makumbusho juu ya korongo, na chini yake nguzo za udongo zilizochongwa na mvua.

Mwisho wa njia, ukishapita Mbeya mjini, unaiacha barabara ya Tunduma na kuelekea Kimondo cha Mbozi. Siku hizi ni mkoa wa Songwe, lakini sisi tuliosoma zamani tulikariri kuwa ni Mbeya. Tulikariri kweli, tukajibu mtihani, tukapata alama, na wengi wetu hatujawahi kukigusa. Ni pande la chuma, asilimia 90 na ushee, lenye uzito unaotajwa kuwa tani 12 hadi 16. Utaona kona iliyokatwa kwa msumeno, vipande vikachukuliwa. Weka kiganja. Hata mchana wa jua la Mbozi, upande wa kivuli ni wa baridi.

Walimu wa Iringa, Mafinga, Uyole na Vwawa, nawaombeni hili kwa dhati. Darasa la historia mnalofundisha ubaoni lipo umbali wa nauli ya basi. Wazee wanaojua habari za mahali hapa wapo, lakini umri unakwenda. Wapelekeni watoto wakiwa na madaftari, waandike wanachosikia.

Na wewe unayesafiri wiki hii kuelekea Nyanda za Juu Kusini, kata tiketi kama kawaida. Kondakta akikuuliza unashukia wapi, mwambie Isimila.